Gari la Mkate

Kampuni ilipofilisika, walinilipa kwa gari hili:
mishahara ya miezi saba, magurudumu manne,
na neno MKATE ubavuni
ambalo makopo mawili ya rangi ya kijani
hayakuweza kulimeza.

Nyuma, palipokaa kreti, nimetandika godoro.
Jiko la mafuta ya taa, ndoo, pazia la kitenge
alichokisahau mama yake, au alichotuachia;
sikuuliza wakati kuuliza kulikuwa na maana.
Kuta bado zinanuka hamira.
Kengonzi anasema ukilala humo, unaumuka.

Kayabwe tuliufikia mstari wa ikweta saa nne asubuhi.
Akasimama, mguu huku, mguu kule,
akauliza upande upi ni wetu.
Nikamwambia: panda gari.

Lukaya wachuuzi walitukimbilia na kuku wa kuchoma,
gonja tano tano, za moto, dirishani,
kisha wakausoma ubavu, wakageuka wateja:
"Mkate bei gani?"
"Umekwisha," nikasema. Na si uongo,
umekwisha tangu mwezi wa tatu.

Lyantonde, kituo cha mafuta, usiku wa manane.
Kurunzi ya mlinzi ilimfikia mtoto kabla yangu.
Simlaumu. Mwanamume, gari lisilo na madirisha nyuma,
msichana wa miaka sita:
hata mimi ningemulika.
"Huyu ni nani wako?"
"Dereva wangu," akajibu, macho kayafumba.
Bunduki ikahama bega.
Nikapapasa chini ya godoro, kadi ya chanjo,
cheti cha kuzaliwa, barua ya mwenyekiti wa mtaa,
karatasi zote ambazo baba hutembea nazo
na mama haulizwi.
Ndipo Kengonzi akanyoosha mkono gizani, akanishika sikio,
kama anavyolishika kila usiku mpaka usingizi umchukue.
Mlinzi akazima kurunzi.
Alfajiri tulikuta ndoo yetu imejaa maji.

Mbarara nilimsuka mwenyewe.
Mwenye duka la maziwa akazitazama zile nywele,
akanitazama mimi,
akajifuta mikono, akavuta kigoda,
akafumua kazi yangu yote bila neno.
Nilipotaka kulipa alipokea hela ya mtindi tu.
"Nywele ni bure," akasema. "Ila usirudie."

Ishaka nilipiga simu Muscat.
Ikalia mara tatu, ikanyamaza,
kama mtu aliyefika mlangoni akabadili nia.
"Jana ililia mara nne," alisema Kengonzi,
ambaye nilidhani amelala.

Halafu mteremko wa Kichwamba, breki zikinuka,
bonde lote limefunguka mbele yetu,
na mimi nashika usukani kwa mikono miwili
nikiomba Mungu wa vyuma vikuukuu.
Chini, tambarare, joto. Tukapita Kikorongo.
Hatukwenda mbali:
"Baba! Mstari ule ule! Unatufuata!"

Nikasimamisha gari. Nikamweleza
kwamba haufuati mtu, umeizunguka dunia nzima,
sisi ndio tumezunguka tukaukuta tena.
"Unapita kwa mama?"

Ningeweza kusema ndiyo.
Nimewajibu watu wa mkate wilaya nane.
"Hapana," nikasema. "Kwake uko mbali."

Alikaa kimya. Akakata kisigino cha mkate
tulionunua Rubirizi, dukani, kama watu wote,
akala nusu, akanipa nusu.
"Rudi nyuma," akasema.
Nikaingiza rivasi. Tukauvuka.
"Sasa mbele."
Tukauvuka.
Fort Portal bado kilomita tisini na kitu,
bibi yake keshasonga ugali wa ulezi, keshaufunika,
na lori la saruji nyuma yetu linapiga honi.
"Tena," akasema,
na mara hii akaniomba nizime redio.